Beseni la Kukandia Majipu

Wifi yangu ana mikono laini, na hilo ndilo jambo la kwanza nililomchukia. Siku mdogo wangu wa kiume alipomleta nyumbani kutoka Gairo, nilimpa mkono wa karibu nikahisi nimeshika unga wa ngano uliochekechwa. Nikajisemea moyoni, huyu hajawahi kuipua sufuria. Na kweli. Mpaka leo akitaka kuipua chai anatafuta kwanza kitambaa, anakikunja mara mbili, anakikagua kama hakina maji, halafu ndiyo anaipua, na wakati huo sisi wenye kuisubiri tumeshakata tamaa. Mimi nageuza chapati kwa vidole vitupu. Nina banda langu la chapati na maharage hapa Mwembesongo, na kuna wateja wanaosimama tu kunitazama nikiinua chapati kutoka kwenye chuma. Mmoja aliniuliza kama naijua dawa ya kuzuia moto. Nilicheka, lakini rohoni niliringa.

Ninachotaka kusimulia ni habari ya beseni. Mama yangu anakanda majipu. Ni kazi yake tangu sijazaliwa, ingawa yeye haiiti kazi, maana hachukui malipo. Mtu akipona ataleta kilo ya sukari au kipande cha sabuni, asipoleta basi. Mtaa mzima unamjua. Wanakuja wabeba mizigo wa sokoni wenye majipu mabegani, wanakuja akina mama na watoto wao, na mwaka fulani alikuja mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa, jipu likiwa kwapani, hata mkono hawezi kuushusha. Alikaa kwenye kigoda uani kwetu kama watu wengine, siku nne mfululizo, na siku ya tano akaja anapunga mkono tangu barabarani.

Namna anavyofanya ni rahisi kuieleza. Maji yanachemshwa, yanatiwa chumvi kidogo, yanamiminwa kwenye beseni la bati jeupe ambalo halifanyiwi kazi nyingine yoyote, halioshewi hata kijiko. Yakipungua moto analoweka kitambaa cha pamba kilichochemshwa, anakikamua, anakiweka juu ya jipu na kukishikilia hapo. Kikipoa anakiloweka tena. Robo saa hivi, mara tatu au nne kwa siku, mpaka jipu liive, litoe kichwa, lipasuke lenyewe. Hakamui hata siku moja. Anasema ukilikamua jipu bichi unalirudisha ndani. Na yako majipu ambayo hayagusi kabisa. La karibu na pua, la mtu mwenye homa, la mgonjwa wa kisukari, la mtoto mchanga, hayo yote anayarudisha mlangoni na kuyaelekeza hospitali. Anasema hayo si ya beseni.

Alifundishwa na bibi, huko juu milimani, upande wa Matombo. Bibi yeye alitumia majani ya mbarika yaliyopashwa kwenye moto. Mama aliposhuka mjini na kuzungukwa na wauguzi waliomweleza mambo ya usafi, akaacha majani akashika kitambaa na chumvi, ila mkono ni uleule wa bibi. Na sisi Waluguru ukoo wetu unafuata mama. Shamba la migomba kule juu ni la mama kwa sababu lilikuwa la bibi, na litakuwa langu kwa sababu ni la mama. Mdogo wangu wa kiume watoto wake ni wa ukoo wa mke wake, hata wawe wanafanana naye pua na masikio. Kwa hiyo tangu nikiwa msichana nilijua kwamba beseni lile ni langu. Hakuna aliyeniambia, na sikuona haja ya kuambiwa. Nilikuwa nachota maji, nafua vitambaa, nakaa pembeni naangalia. Miaka yote hiyo nilikuwa nasubiri tu zamu yangu.

Halafu akaja huyu na mikono yake ya unga.

Mdogo wangu na mkewe wanakaa kwa mama, vyumba vya uani. Mimi niko nyumba ya tatu kutoka hapo, na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka saba, kwa kuwa mume wangu yuko kwenye mashamba ya miwa na hurudi mwisho wa mwezi. Wifi alianza kwa kuchota maji. Sawa, mkwe lazima achote maji. Kisha nikamwona anafua vitambaa. Kisha siku moja napita na ndoo yangu ya maharage namkuta amepiga magoti mbele ya mbeba mizigo, kitambaa mkononi, mama amekaa kwenye kigoda anapepeta mchele hata hamwangalii. Hata hamwangalii! Mimi hajawahi kuniachia jipu la mtu hata mara moja, na akiniachia kushika kitambaa kwa dakika mbili ananitolea macho kama nataka kuiba. Nilisimama pale na ndoo yangu. Nilimwamkia mama, nikamsalimu wifi kwa mdomo wa pembeni, nikaondoka. Njia nzima nasonya peke yangu.

Nasema wazi, nilikuwa na wivu. Wengine wakiwa na wivu huuita majina mengine, wanasema wanajali, wanasema wana wasiwasi. Mimi wivu wangu naujua kwa jina lake. Nilihesabu kila kitu. Nilihesabu mara ngapi mama alisema "mkwe wangu" kwa siku. Mama akinunuliwa kanga na mdogo wangu, nilitaka kujua nani aliichagua. Wifi akipika ndizi za nazi zikamshinda, nilikuwa nalala na furaha. Na mama akizisifu zile ndizi zilizomshinda, basi siku yangu imeharibika.

Mwaka juzi, mwanzoni mwa kiangazi, mama alipanda mlimani kwa majuma mawili. Kulikuwa na arobaini ya dada yake, na maharage ya kuvuna. Huko kwetu simu haishiki mpaka upande kwenye kilima kimoja juu ya shule, kwa hiyo mama akienda ni kama amefunga mlango. Asubuhi ya kuondoka walikuwepo wagonjwa wawili uani, na jirani yetu muuza mkaa, na mimi, na wifi. Mama akajifunga kanga, akaweka kikapu chake sawa, akasema mbele ya wote kwamba kwa kuwa yeye hayupo, mwenye jipu aende kwa mkwe wake. Alisema kama mtu anayesema funguo ziko juu ya kabati.

Nilimfuata mpaka njia panda nikiwa nimembebea kikapu. Nikamuuliza kwa nini siyo mimi. Mama akasema, "Wewe una banda lako, mwanangu." Hiyo haikuwa sababu, na yeye alijua kwamba najua. Nilimkabidhi kikapu chake bila kumwambia safari njema.

Siku nne baadaye binti yangu akaota jipu pajani, upande wa nje, chini kidogo ya nyonga. Lilikuwa jipu la kawaida, jekundu, gumu, la kuchechemea. Homa hana. Anakula. Mama angekuwepo angelikanda siku tatu likaisha. Binti mwenyewe akaniambia twende kwa anti, maana amemwona anti akikanda watu. Nikamwambia anti yako ana kazi nyingi. Ukweli ni kwamba ningemla jongoo kabla sijampeleka mwanangu kwa yule mwanamke. Nilikuwa nimeshaona njia. Mimi mwenyewe nitalikanda, litapona vizuri, mama akirudi atakuta mtoto anaruka kamba, nami nitasema kwa upole tu, kana kwamba si jambo, "Nililikanda mwenyewe." Hayo maneno niliyafanyia mazoezi. Niliyasema nikiwa nakanda ngano.

Ilikuwa Jumamosi mchana, baada ya kufunga banda. Nilichemsha maji kwenye jiko lilelile la chapati, nikatia chumvi, nikamimina kwenye beseni jipya la plastiki nililolinunua kwa ajili hiyo. Nikangoja yapoe. Nikatumbukiza mkono mpaka kwenye kifundo, nikayakoroga kidogo, nikaona ni vuguvugu zuri kabisa. Nikaloweka kitambaa, nikakikamua, nikakiweka.

Binti alipiga ukelele. Sasa watoto wote hulia wakikandwa, nimewaona kwa mama miaka mingi, jipu lenyewe linauma hata likipepewa. Nikamwambia avumilie, ndivyo linavyoiva. Akajaribu kuniondoa mkono. Nikambana kwa goti langu, nikakishikilia kitambaa kwa nguvu zaidi, nikahesabu kama mama anavyohesabu. Alilia mpaka sauti ikakata. Nilikuwa nawaza jinsi mama atakavyonitazama. Nilipoondoa kitambaa ngozi ilikuwa nyekundu kama nyanya kuzunguka jipu lote, na nikiwa bado natazama, malengelenge yakaanza kuinuka.

Hapo pia ningeweza kutengeneza mambo. Wifi alikuwa hatua thelathini kutoka pale, nilikuwa namsikia anaimba akianua nguo. Zahanati ilikuwa wazi. Nikafanya nini? Nikampaka mtoto dawa ya meno, kama tulivyopakwa sisi tulipoungua utotoni, nikamfunga kanga kiunoni, nikamwambia asitoke nje. Jumapili malengelenge yakapasuka. Jumatatu asubuhi mwili wake ulikuwa wa moto, na jipu limevimba mpaka mguu haukunjuki. Nikamweka mgongoni, mtoto wa miaka saba na miguu yake inaning'inia, nikaenda.

Muuguzi alikuwa msichana mdogo kuliko mimi. Aliniamkia kwa heshima, shikamoo mama, nikaitikia, akamlaza mtoto kitandani. Alipoona dawa ya meno aliguna tu. Akasafisha, taratibu sana, akiongea na mtoto mambo ya shule ili asiangalie. Kisha akaniambia kwamba kulikanda jipu kwa maji ya vuguvugu ni jambo zuri, hata yeye huwaelekeza watu hivyo, moto wa kiasi unalivuta jipu liive, lakini haya yaliyompata mtoto yalikuwa maji ya kunyonyolea kuku. Sasa ana majeraha mawili, la jipu na la moto, na jeraha la moto limefungua mlango wa vijidudu. Atapewa dawa na itabidi arudi kila siku kufungwa bendeji.

Akauliza, akiwa anaandika kwenye daftari la mtoto, "Nani alimkanda?"

Nikasema, "Wifi yangu."

Neno lilitoka lenyewe. Sikulitafuta, lilikuwa limekaa mdomoni miezi na miezi linasubiri mlango. Na likishatoka nikaliongezea nguo. Nikasema ndiye anayekanda watu mtaani kwetu, ameachiwa na mama, mikono yake haijui kazi. Muuguzi akatikisa kichwa, akasema huyo wifi yangu aje wamwelekeze kabla hajaumiza mwingine. Binti yangu alikuwa amelala kitandani na uso ameuelekeza kwangu. Alinitazama tu, macho hayapepesi, mpaka nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Nje kwenye benchi alikuwa amekaa muuza mkaa, na kikohozi chake. Ukuta wa zahanati ile ni wa mbao nyembamba. Basi habari ilifika mtaani kabla yangu.

Siku mbili tu, uani kwa mama pakawa kimya. Mbeba mizigo aliyekuwa anakandwa shingo hakurudi. Mama wa duka la vitambaa, ambaye mwaka huo alikuwa amemleta mjukuu wake, alituma mtu kuulizia mama anarudi lini, basi. Watu walipita mbele ya nyumba wakimtazama wifi akifagia, wakiongea kwa sauti ya chini lakini isiyo chini sana. Nami niseme nini, nilifurahi. Roho yangu ilikunjuka. Niligeuza chapati huku nikisikiliza wateja wakisema yule mwanamke wa Gairo amemuunguza mtoto wa wifi yake, nami nikatikisa kichwa kwa huzuni, nikauliza nani anataka maharage zaidi. Nilikuwa mbaya, na nililala vizuri.

Wifi alikuja jioni ya siku ya tatu na bakuli la uji. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, maneno yote yamepangwa. Akabisha hodi, akavua ndala, akasema, "Wifi, nimesikia mtoto anaumwa." Alikuwa amesikia na mengine, uso wake ulionyesha. Hakuniuliza. Alikaa na mtoto, akamlisha uji kwa kijiko, akamkunjia kanga vizuri chini ya bendeji, akaaga. Mtoto alimshika kidole akawa hataki kukiachia. Nilitamani anitukane. Mtu akikutukana unapata pa kushika.

Mama akarudi. Nilimwona anakuja na mkungu wa ndizi kichwani, hakupitia kwake, alikuja moja kwa moja kwangu, kumbe habari ilimpokea stendi. Akatua ndizi. Akamwambia mtoto afungue mguu aone. Akainama karibu sana, maana macho yake siku hizi si mazuri, akaangalia pembe za jeraha, lilivyokuwa na ukingo mnyoofu wa kitambaa kilichokunjwa. Nikaanza kueleza. Akaniambia kwamba amechoka na safari, tutaongea baadaye, akabeba ndizi zake akaenda.

Saa kumi alasiri akanitumia wifi aniite. Nikakuta uani vigoda vitatu, jiko la mkaa linawaka, na beseni la bati katikati. Nilifikiri ni kesi ya kawaida, kila mtu aseme lake. Mama hakuuliza neno. Alimimina maji kutoka kwenye sufuria, mvuke unapanda, akaweka jagi la maji baridi karibu na goti lake. Akatuambia tutumbukize mikono, na yakifaa kumkandia mtoto tuseme.

Wifi aligusa kwa ncha za vidole akautoa mkono haraka, akaupuliza. Nikacheka kidogo. Si nilisema? Mama akatia maji baridi kikombe kimoja. Nikatumbukiza mkono wangu wote, nikautuliza humo, nikamtazama wifi usoni. Nikasema, "Yanafaa."

Wifi akajaribu tena, akasema taratibu, "Bado, mama."

Mama akachukua kitambaa. Akakiloweka katika maji yaleyale niliyosema yanafaa, akakikamua, akanyoosha mkono kana kwamba ananipangusa jasho, akaniwekea shingoni, chini ya sikio.

Niliruka mpaka kigoda kikaanguka. Nilipiga kelele, mimi mtu mzima, jirani akachungulia juu ya ukuta. Nilipoteremsha mkono kutoka shingoni mama alikuwa bado ameshika kitambaa, hajakasirika, ametulia tu.

Akasema, "Hapo ndipo ninapopimia mimi. Mkono wangu ulikufa zamani kwa masufuria ya moto, na wako umekufa mapema kuliko wangu. Huyu wa kwake bado unaumia. Ndiyo maana nilimwachia."

Yaani miaka thelathini nimekaa pembeni nikimwona mama analoweka kitambaa, anakikamua, anakigusisha shingoni, halafu ndiyo anakiweka kwa mgonjwa. Nilijua anafuta jasho! Nilikuwa nikiwasimulia watu jinsi mama anavyojituma mpaka jasho linamtoka. Kitu chenyewe cha kujifunza kilikuwa hicho, nami nilikiona kila siku nisikione. Na wifi alikuwa hakihitaji kabisa, kwa sababu ya mikono ileile niliyoidharau.

Wifi alikuwa ameinamisha kichwa. Mama akamimina maji yote kwenye mchanga. Akaniambia, "Ya maji nimeyamaliza mimi. Ya mdomo utayamaliza mwenyewe."

Nikayamaliza. Sikuyamaliza vizuri, sina kipaji cha kuomba radhi. Asubuhi iliyofuata, banda limejaa, muuza mkaa akiwa na chai yake mkononi, nilisema kwa sauti kwamba mtoto nilimuunguza mimi, siyo wifi, na anayetaka chapati aseme. Halafu mtu mmoja akaagiza mbili. Kwenye zahanati nilimwambia muuguzi wakati anafunga bendeji ya mwisho, naye akanitazama akasema anashukuru nimesema. Kwa wifi nilipeleka kilo mbili za unga wa sembe nikaziacha mlangoni. Hakuwahi kuligusia jambo hilo tena, na hilo nalo nikamwonea wivu, kwamba anaweza kunyamaza namna ile na mimi siwezi.

Mama alitaka kunifundisha kupimia shingo. Aliniambia mara mbili. Nikamwambia mimi nina banda langu. Nilitaka imuume, na nadhani ilimuuma, lakini beseni likahamia chumba cha wifi, juu ya kabati lake, na wabeba mizigo wakarudi.

Mwaka jana mwezi wa Juni, kile kipindi cha baridi ambacho mlima haufunguki ukungu mpaka saa nne, niligundua kwamba binti yangu anachelewa kurudi kutoka shule. Nilimuuliza akasema wanafanya usafi. Siku ya kwanza nikakubali, na ya pili. Siku ya tatu mwenzake wa darasani alipita bandani kununua chapati, nikamuuliza, akasema mbona wao wametoka zamani, yule kila siku anapitia kwa anti yake kukandwa jipu.

Jipu gani? Mimi ndiye namwogesha. Kumbe alikuwa ameshaanza kujiogesha mwenyewe wiki ile, nami nikamsifu kwamba amekua. Niliacha chuma kikiwaka. Sijui nilimwambia nani aangalie banda. Nilikwenda kwa mama nikiwa nimeshapandwa na hasira, nataka kujua kwa nini mwanangu anatibiwa kwa siri kama mimi ni mchawi, na nani aliyemfundisha kunidanganya.

Wifi alikuwa kwenye mkeka chumbani kwake, mlango uko wazi kwa ajili ya mwanga. Binti yangu amelala kifudifudi, kichwa juu ya mikono, jipu likiwa nyuma ya goti. Macho kafunga. Yule mtoto aliyelia kwangu mpaka sauti ikakata alikuwa anakaribia kusinzia, na kitambaa kiko juu ya jipu. Wifi aliniona. Akaweka kidole mdomoni, kisha akafikiri kidogo, akasogea pembeni ya mkeka na kunipisha. Akaninyooshea kitambaa.

Hasira iliniishia mikononi. Nikapiga magoti. Nililoweka, nikakamua, nikakiweka shingoni kwangu na kungoja. Kilikuwa sawa. Nikangoja tena kidogo ili niwe na hakika. Halafu nikakiweka juu ya jipu la mwanangu, polepole, na kiganja changu kikagusa ngozi yake.

Hakufungua macho. Aliukunja mguu tu, akauvuta kutoka kwangu.

Akasema, "Mama, acha anti afanye. Ukinibabua utasema ni yeye."

Hakusema kwa ukali, alisema kama anayeeleza njia ya kwenda dukani. Wifi akatazama ukutani. Nilibaki na kitambaa mkononi mpaka kikapoa, nikamrudishia. Nikasogea nikakaa kwenye ukingo wa mkeka, nikamtazama akikiloweka upya, akikigusa kwa vidole vyake vinavyoumia, akikiweka, na mwanangu akaunyoosha mguu wake tena.

Nilimwonea wivu wifi yangu kwa ajili ya beseni, nikadhani huo ndio wivu. Nilikuwa sijauonja.